Kutoa mwili kwa ajili ya masomo ya udaktari: mambo ya kujua kabla ya kusaini

Mama mmoja, mwalimu mstaafu anayeishi Kibosho, alitutumia ujumbe wakati wa kipindi cha asubuhi. Alieleza kwamba amefundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30, sasa miguu haimruhusu kusimama darasani, na siku Mungu akimchukua angependa mwili wake upelekwe kwa wanafunzi wa udaktari ili aendelee kufundisha. Akauliza aende wapi na asaini nini.

Kabla kipindi hakijaisha tukapata ujumbe mwingine. Huu ulitoka kwa kitinda mimba wake, kijana aliyerithi nyumba ya wazazi, ambaye siku hiyo alikuwa akitusikiliza akiwa kazini mjini. Alituomba tusimjibu mama. Alisema baba yao amelala kihambani, nafasi ya mama iko pembeni yake, na yeye hawezi kusimama mbele ya ukoo na kueleza kwamba mama hana kaburi.

Ujumbe huo hatukuusoma hewani. Lakini ukiuweka pembeni ya ule wa mama, unaliona suala zima. Upande mmoja kuna hiari ya mtu kuhusu mwili wake mwenyewe, na upande wa pili kuna haki ya ndugu kumlilia na kumsitiri. Katikati kuna chuo kinachotakiwa kupokea, kutunza na kurudisha. Katika makala haya tunaeleza jinsi mpango wa kutoa miili unavyotakiwa kuendeshwa, na mambo ambayo familia inapaswa kuyajadili mapema.

Tusichanganye mambo matatu

Watu wengi wakisikia habari hii huchanganya mambo matatu tofauti.

La kwanza ni kuchangia kiungo. Mtu hutoa figo, kwa mfano, ili mgonjwa mwingine apone. Hapa Tanzania upandikizaji wa figo ulianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Novemba 2017. Mchangiaji ni ndugu aliye hai, na baada ya upasuaji anarudi nyumbani kwa miguu yake.

La pili ni uchunguzi wa maiti. Daktari hufungua mwili wa marehemu ili kujua chanzo cha kifo, pengine kwa agizo la polisi. Kazi hiyo huchukua saa chache, kisha mwili hushonwa na ndugu wanakwenda kuzika.

La tatu ndilo alilouliza mama yetu wa Kibosho, yaani kutoa mwili mzima, baada ya kufa, kwa idara ya anatomia ya chuo cha udaktari. Mwili huo hutiwa dawa usiharibike, hutumika kufundishia au kufanyia utafiti kwa muda mrefu, mara nyingi mwaka mmoja hadi mitatu, ndipo huzikwa au kuchomwa kulingana na makubaliano. Hauponyi mgonjwa fulani anayejulikana kwa jina. Faida yake hufika kwa wagonjwa ambao daktari huyo atawatibu miaka mingi baadaye.

Kwa nini mwanafunzi anahitaji mwili wa kweli

Sisi wa Moshi hatuko mbali na jambo hili. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971 na ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini. Chuo chake cha tiba kilianza mwaka 1997. Kwa hiyo madaktari wengi wanaotutibu, kutoka Rombo hadi Siha, wamejifunza udaktari wao hapa hapa chini ya mlima.

Mwanafunzi wa udaktari huanza kwa kujifunza mwili ulivyojengwa kabla hajajifunza magonjwa. Vitabu vipo, michoro ipo, vielelezo vya plastiki vipo, na siku hizi zipo meza za kompyuta zinazoonyesha mwili kwa picha. Vyote vinasaidia. Lakini kuna jambo moja ambalo picha hailifundishi vizuri: watu hawafanani ndani, kama wasivyofanana nje.

Tuchukue mfano unaoeleweka mlimani, yaani rovu. Mgonjwa mwenye rovu kubwa anapofanyiwa upasuaji, daktari anafanya kazi shingoni, karibu kabisa na neva mbili nyembamba zinazoendesha nyuzi za sauti, moja kila upande. Neva ya kushoto hushuka hadi kifuani, inazunguka mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, kisha inapanda tena shingoni. Ya kulia huzunguka mshipa unaokwenda mkononi. Ila kwa watu wachache, wasiofika mmoja katika 100, neva ya kulia haizunguki popote. Inakata njia moja kwa moja kuelekea kooni. Daktari asiyejua kwamba watu wa namna hiyo wapo anaweza kuikata akidhani ni uzi wa kawaida. Mgonjwa atatoka na rovu limeondoka, na sauti imeondoka pia. Sisi tunaokula kwa sauti tunajua uzito wa jambo hilo.

Mwanafunzi aliyefuata neva hiyo kwa vidole vyake mwenyewe, katika mwili mmoja, wa pili na wa tatu, ataingia chumba cha upasuaji akiwa na tahadhari. Hata madaktari bingwa hurudi kwenye miili ya namna hii wanapotaka kujaribu njia mpya ya upasuaji kabla ya kuitumia kwa mgonjwa aliye hai. Huko ndiko elimu na utafiti vinakokutana.

Miili hutoka wapi

Historia ya jambo hili haipendezi, na ni vizuri ijulikane, kwa sababu hofu za watu zina asili yake.

Uingereza ya zamani iliruhusu wanafunzi kuchambua miili ya wauaji walionyongwa. Miili hiyo haikutosha, wezi wakaanza kufukua makaburi usiku na kuuza maiti kwa walimu wa anatomia. Mjini Edinburgh, mwaka 1828, ilibainika kwamba wanaume wawili, Burke na Hare, walikuwa wameua watu 16 na kuuza miili yao kwa mwalimu mmoja wa anatomia. Nchi ilishtuka. Sheria ya mwaka 1832 iliyofuata ilivipa vyuo njia halali ya kupata miili, lakini njia yenyewe ilikuwa kuchukua maiti ambazo hazikudaiwa na mtu, hasa za maskini waliofia katika nyumba za kulelea wasiojiweza. Tajiri alizikwa, maskini akapelekwa darasani.

Mtindo huo ulisafiri na ukoloni. Kenya, kwa mfano, ina sheria ya anatomia iliyojengwa juu ya wazo hilo hilo la miili isiyodaiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu vyuo vya udaktari barani Afrika ulionyesha kwamba vyuo vingi vilitegemea miili ya watu ambao hakuna ndugu aliyejitokeza kuwachukua. Si Afrika peke yake. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018 ulizitazama nchi 68 zinazotumia miili kufundishia, na ukakuta ni 22 tu zinazotegemea watu waliojitolea kwa hiari yao bila chanzo kingine.

Tatizo la mwili usiodaiwa ni rahisi kueleza: mwenyewe hakuulizwa. Hebu tufikirie watu wanaofika Moshi mjini kutafuta riziki. Yupo kibarua aliyetoka mkoa wa mbali, na yupo kijana wa stendi anayejulikana kwa jina la utani tu. Akigongwa barabarani na simu ikapotea, hospitali itatafuta ndugu, itatangaza, na muda utapita. Redioni kwetu tunasoma matangazo ya namna hiyo. Kutodaiwa hakuna maana kwamba mtu hana watu wanaompenda. Mara nyingi maana yake ni kwamba watu wake wako mbali, hawana habari, au hawana fedha za kulipia gari na mochwari.

Ndiyo maana mwaka 2012 shirikisho la kimataifa la vyama vya wataalamu wa anatomia lilitoa mapendekezo yanayosema kwamba miili ya kufundishia itokane na watu waliojitolea kwa hiari, baada ya kueleweshwa, bila malipo. Hiyo ndiyo njia ambayo mama wa Kibosho aliifikiria peke yake, bila kusoma mapendekezo hayo.

Mlima huu una kumbukumbu yake

Tunapozungumzia ridhaa hapa Kilimanjaro, tunagusa kidonda cha zamani.

Tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani waliwanyonga viongozi 19 huko Old Moshi, akiwemo Mangi Meli. Simulizi za familia yake zinasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alitumia miaka mingi ya maisha yake akidai kirudishwe.

Haikuwa habari ya kichwa kimoja. Katika miaka ya ukoloni wa Kijerumani, mafuvu mengi ya Waafrika wa mashariki yalisafirishwa kwenda Berlin kwa jina la sayansi. Watafiti wa makumbusho ya Berlin walipochunguza mafuvu zaidi ya 1,100, waliyahusisha 202 na eneo ambalo leo ni Tanzania. Mwezi Septemba 2023 ilitangazwa kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha baadhi ya mafuvu hayo na ndugu walio hai, wakiwemo wa hapa Kilimanjaro.

Kwa hiyo mzee wa Old Moshi au Siha akisikia kwamba chuo kinataka miili na akakunja uso, asionekane mshamba. Yeye anakumbuka kwamba zamani sayansi ilichukua bila kuomba, haikuandika majina, na haikurudisha. Mpango wowote wa kutoa miili unaotaka kuaminiwa kwenye miteremko hii unapaswa kufanya kinyume cha hayo yote matatu: uombe, uandike, urudishe.

Mpango mzuri unaendeshwaje

Hatua zifuatazo ndizo zinazofuatwa na mipango inayoheshimika duniani.

Kwanza ni maelezo. Anayetaka kutoa mwili hupewa maelezo kamili kwa lugha anayoielewa. Anaambiwa kwamba mwili utafunguliwa na kuchambuliwa, utakaa muda gani, utatumiwa na nani, na kama sehemu yoyote inaweza kubakizwa kwa muda mrefu zaidi. Maneno ya kufunika funika hayamsaidii mtu, maana ridhaa ya asiyeelewa haina thamani.

Pili ni maandishi. Mtu husaini fomu akiwa na akili timamu, mbele ya mashahidi. Uingereza, chini ya sheria yake ya mwaka 2004, ndugu hawawezi kutoa ridhaa hii kwa niaba ya marehemu. Lazima awe ameandika mwenyewe alipokuwa hai. Nakala moja hubaki chuoni, nyingine kwa mhusika na nyingine kwa ndugu. Mtu akibadili mawazo kesho, anafuta bila kuulizwa sababu.

Tatu ni kupokea. Mtu akifa, ndugu huwasiliana na chuo mapema, kwa sababu mwili hausubiri. Hapo chuo kinaweza kukubali au kukataa. Mara nyingi hukataliwa mwili wenye ugonjwa wa kuambukiza kama homa ya ini, VVU au kifua kikuu, ulioumizwa sana katika ajali, uliofanyiwa uchunguzi wa maiti, ulioanza kuharibika, au uliotolewa viungo. Chuo hukataa pia kikiwa hakina nafasi. Fomu iliyosainiwa basi si hakikisho, na kila familia inapaswa kuwa na mpango wa mazishi ya kawaida pembeni.

Nne ni kuhifadhi. Fundi wa kuhifadhi miili huingiza dawa yenye formalini kupitia mshipa mkubwa, kwa kawaida wa paja au wa shingo, ikafika mwili mzima. Kazi hii inahitaji mtu aliyefunzwa, chumba chenye hewa ya kutosha, maji na umeme wa uhakika. Dawa yenyewe ni kali. Inawasha macho na koo, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mpango mzuri hulinda pia afya ya wafanyakazi na wanafunzi.

Tano ni namba na daftari. Mwili hupewa namba badala ya jina, ili mwanafunzi asijue ni wa nani. Lakini kuna daftari lililofungiwa linalounganisha namba na jina, na kila sehemu ya mwili hufuatiliwa hadi mwisho. Hapa ndipo usimamizi unapopimwa. Mwezi Juni 2023 waendesha mashtaka wa Marekani walimshtaki aliyekuwa msimamizi wa mochwari ya chuo cha udaktari cha Harvard kwa kuiba na kuuza sehemu za miili iliyotolewa na watu kwa nia njema. Baadaye alikiri kosa. Kama jambo hilo limetokea kwenye chuo chenye fedha na jina kubwa kiasi hicho, basi jina kubwa halilindi mwili. Kinacholinda ni daftari, kufuli na ukaguzi.

Sita ni nidhamu ya darasani. Simu haziingii na picha hazipigwi. Hakuna mzaha, wala kuupachika mwili jina la utani. Nchini Thailand wanafunzi huuita mwili wanaojifunzia "mwalimu mkuu", huanza mwaka kwa kutoa heshima, na humaliza kwa ibada ya kumuaga mbele ya familia yake.

Saba ni kurudisha. Masomo yakiisha, sehemu zote hukusanywa pamoja na kuzikwa au kuchomwa, kwa gharama ya chuo au kwa makubaliano yaliyoandikwa. Vyuo vingi hufanya ibada ya kumbukumbu mara moja kwa mwaka, ndugu wanaalikwa, na wanafunzi wanasema asante. Familia inayotaka kuzika yenyewe nyumbani hukabidhiwa.

Msiba usio na jeneza

Sasa turudi kwenye maumivu ya yule kitinda mimba.

Kwetu mlimani, kuzikwa ni kurudi. Mtu anaweza kuishi Dar es Salaam miaka 40, akawa na nyumba na biashara huko, lakini akifa gari linapanda na jeneza hadi kihambani, kwenye migomba ya babake. Kaburi linasema mtu huyu ni wa hapa, na ardhi hii ina wenyewe. Desemba watoto na wajukuu wanapopanda, wanafagia makaburi kabla ya kukaa kula. Ukiondoa kaburi, umeondoa pia mahali pa kukutania.

Kwa hiyo swali la kijana huyo haliwezi kujibiwa kwa kumwambia kwamba sayansi ni muhimu. Linajibiwa kwa kumweleza nini kinawezekana. Familia inaweza kumuaga marehemu kwa ibada kamili kabla mwili haujakabidhiwa chuoni, muda ukiruhusu. Inaweza kukaa matanga kama kawaida. Na chuo kikirudisha mabaki baada ya mwaka mmoja au miwili, mazishi yanafanyika kihambani, pembeni ya baba, kwa jina na msalaba.

Wapo watakaosema kungoja hivyo ni jambo la kigeni. Lakini desturi za zamani za Wachagga, kama zilivyoandikwa na wamisionari na maofisa wa kikoloni, zinaeleza kwamba mwenye nyumba alizikwa kwanza, na baada ya muda mifupa ilifukuliwa na kuwekwa kwenye migomba mahali palipopandwa masale. Hatusemi desturi hiyo irudi, na hatusemi ni jambo lile lile. Tunasema tu kwamba mababu zetu walijua maziko yanaweza kuwa na hatua mbili, na hatua ya pili haikupunguza heshima ya mtu.

Dini zinasemaje

Kanisa Katoliki, katika katekisimu yake, linakubali mwili wa marehemu utumike kwa utafiti wa kisayansi, na linasifu anayetoa viungo kwa hiari baada ya kifo. Kuchoma maiti limeruhusu tangu mwaka 1963, ingawa mwaka 2016 Vatikani ilisisitiza kwamba majivu yawekwe mahali patakatifu, yasitawanywe. Muumini anayejali hilo ahakikishe fomu yake inaeleza mwisho utakuwaje.

Kwa Waislamu mjadala ni mpana zaidi. Sheria inahimiza maiti izikwe mapema, na mafundisho ya Mtume yanaweka heshima ya mfupa wa maiti sawa na ya mtu aliye hai. Kwa misingi hiyo wapo wanazuoni wanaokataza kabisa. Wapo pia wanaoruhusu kwa hoja ya dharura, kwamba bila madaktari waliofunzwa watu wengi watakufa, lakini kwa masharti makali. Muislamu anayefikiria jambo hili azungumze na shehe wake kabla ya kuzungumza na chuo.

Walutheri na waumini wa madhehebu mengine wafanye vivyo hivyo kwa mchungaji wao. Atakayeongoza ibada ya kuaga asisikie habari hii kwa mara ya kwanza siku ya msiba.

Nani ana kauli ya mwisho

Afrika Mashariki ina kesi maarufu kuhusu mwili wa marehemu. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka amzike karibu na Nairobi na akasema hayo ndiyo yalikuwa mapenzi ya mumewe. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe kwao Nyalgunga. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, na akazikwa tarehe 23 Mei 1987. Mwili ulikaa bila kuzikwa siku 154.

Miaka 30 baadaye, sheria ya afya ya Kenya ya mwaka 2017 ilieleza wazi kwamba mtu mwenye uwezo wa kuandika wosia anaweza kuutoa mwili wake kwa wosia, kwa hati iliyosainiwa na mashahidi wawili, au kwa kutamka mbele ya mashahidi wawili. Hiyo ni sheria ya jirani, haitumiki kwetu. Lakini kesi na sheria hiyo vinatufundisha kitu kimoja tukivisoma pamoja: mapenzi yaliyosemwa sebuleni ni rahisi kubishaniwa, yaliyoandikwa na kushuhudiwa ni magumu kupuuzwa.

Hata hivyo, karatasi haina miguu. Siku ya kifo, aliyeandika hayupo kuitetea. Atakayepiga simu chuoni ni mtoto, mjane au jirani. Kama wao hawataki, karatasi itabaki kabatini na mwili utapanda kihambani. Ndiyo maana mipango mingi hukataa kupokea mwili familia ikipinga, hata kama fomu ipo. Hakuna chuo kinachotaka kugombania maiti na wafiwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Kwa mkazi wa Moshi, mlango wa kwanza wa kubisha ni idara ya anatomia ya chuo cha tiba. Ukienda, nenda na mtoto wako au ndugu mmoja, na muulize haya:

1. Mwili wangu utakaa kwenu muda gani, na muda huo umeandikwa wapi?
2. Nani atautumia, na je, unaweza kupelekwa chuo kingine?
3. Nani analipia gari, dawa na mazishi?
4. Sababu gani zinaweza kuwafanya mkatae kuupokea?
5. Ndugu zangu watarudishiwa nini, lini, na watapewa taarifa na nani?
6. Kama kuna sehemu mtaibakiza, mtaomba ridhaa tofauti?
7. Nikibadili mawazo, nafanyaje?

Chuo kikishindwa kujibu hata moja kati ya hayo kwa maandishi, usisaini bado. Na mtu yeyote akikuahidi fedha kwa ajili ya mwili wako, ondoka. Mpango halali haununui maiti. Kinachoweza kulipwa ni gharama tu, kama usafiri.

Usisahau pia kwamba kifo lazima kisajiliwe na familia ipate cheti cha RITA, mwili uende kaburini au chuoni. Mirathi, pensheni na akaunti za benki hazifunguki bila cheti hicho.

Kuhusu mwalimu wetu, tulimpigia simu. Tulimwamkia, tukamweleza haya yote, na kwa ruhusa yake tukamweleza na mwanawe. Jumapili iliyofuata waliketi pamoja baada ya ibada, watoto wote wanne. Mama anasema hawakukubaliana. Binti zake wawili wako tayari kuwa mashahidi. Kitinda mimba ameomba jambo moja liandikwe kwanza: kwamba mabaki yatarudi Kibosho, na kwamba yeye ndiye atakayeyapokea. Mama amekubali sharti hilo. Kijana bado hajasema ndiyo, ila amesema ataambatana na mama kwenda kuuliza.